Fumba Macho, Fungua Mdomo

Tabora, 14 Machi 1937

Ndugu yangu Thuwaini bin Abdulsamad,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuarifu kwamba nimefika. Gari la moshi lilinibwaga hapa Jumanne asubuhi, vumbi mpaka ndani ya masikio, shingo imepinda upande kama jogoo anayetazama mwewe. Makarani wenzangu waliokuja kunipokea stesheni walimpita mzee huyu mchafu mara mbili wakimtafuta Bwana Gaudens kutoka Dar es Salaam. Mara ya tatu nikawaonea huruma, nikajitaja.

Sijui niwashukuruje wewe na Shemeji Wahiba kwa kunipokelea Kokuberwa. Mwanamume wa miaka arobaini na sita, mgane, anayeunguza hata maji, angemleaje mtoto wa miaka saba katika chumba kimoja cha nyumba ya reli? Wakubwa wanasema ni mwaka mmoja tu, kisha watanirudisha. Siku nitakayoshuka gari hapo Dar nitakuja moja kwa moja Buguruni, nimbebe begani kama gunia, tukaanze maisha yetu tena.

Sasa nina masharti, na usinicheke. Wewe ulikuwapo Demetria wangu alipoondoka. Alipiga miayo miwili akipepeta mchele, akasema anahisi joto kidogo. Siku ya tano tukamzika. Kwa hiyo nawaomba mumguse mtoto paji la uso asubuhi na jioni. Mkiona joto, hata dogo, hata kama ametoka kucheza, msingoje. Vidonge vya kwinini vimo kwenye kopo la bluu nililomwachia Shemeji.

Hatavikubali hivi hivi. Mie nina ufundi wangu. Nakivunja kidonge, nakificha ndani ya halua yako, namwambia, "Fumba macho, mama, fungua mdomo. Baba ana kitu kitamu." Anafungua. Akishtuka, nakuwa nimeshamziba mdomo kwa kiganja. Hukasirika, lakini kinakuwa kimeshashuka.

Mpeni na bati hili la asali. Huku asali ni kama maji ya mto kwenu. Yule mtoto anapenda vitamu kuliko sisimizi.

Wako,
Gaudens Kamugisha


Buguruni, 3 Aprili 1937

Bwana Karani,

Barua imefika na bati limefika, halikuvuja hata tone. Mtoto hajambo kabisa. Juzi alimfokea mbuzi wa jirani kwa Kihaya mpaka mbuzi akaona aibu akarudi kwao. Sasa Wahiba naye anamfokea yule mbuzi kwa Kihaya. Sijui wanamwambia nini na sitaki kujua.

Asali ameifurahia sana. Paji la uso tunaligusa, ondoa wasiwasi.

Wahiba anauliza, kwako mtoto huyu alikuwa akila nini hasa? Na ile kwinini ulikuwa ukimpa mara ngapi? Anauliza tu. Wanawake unawajua.

Nduguyo,
Thuwaini


Tabora, 20 Mei 1937

Sheikh Thuwaini,

Umenifurahisha mno. Nimeisoma barua yako kwa wenzangu ofisini, hata habari ya mbuzi, na Benedikto wa mizigo amecheka mpaka akamwaga wino. Nimeambiwa sasa natakiwa kusoma barua zangu nje.

Kwa kuwa ameifurahia asali, natuma mabati mawili. Nimeifuata mwenyewe kwa warina asali, saa tatu za kutembea. Nyuki mmoja alinisindikiza akaniachia zawadi juu ya jicho, nikafanya kazi wiki nzima nikitazama dunia kwa upande wa kushoto.

Mwambie Shemeji kwamba Kokuberwa alikuwa akila kila kitu. Ndiyo maana ilikuwa rahisi! Akianza kuitilia shaka halua, nilihamia kwenye asali. Akiikataa asali, kidonge kinaingia kwenye ndizi mbivu, au sukari guru. Siku ya somo wake, yule mtakatifu wa jina lake la ubatizo, nilimtilia kwenye andazi la sukari. Kuhusu mara ngapi, basi ni kila nilipohisi joto. Wiki nyingine mara moja, wiki nyingine mara nne. Tangu mama yake afariki hajaugua hata siku moja homa kubwa, na hilo najivunia, maana sina jingine la kujivunia.

Mwambieni aniandikie hata mstari mmoja kwa mkono wake.

Wako mwenye jicho moja,
Gaudens


Buguruni, 28 Juni 1937

Ndugu yangu Gaudens,

Mie ni mwongo, na leo nimechoka kuwa mwongo.

Siku ile ya bati la kwanza nilifungua kwa furaha, nikachovya kidole, nikamwambia mtoto, "Haya, fungua mdomo, asali ya baba." Hakulia. Alikaza meno mpaka nikayasikia yakisagana, kisha akatapika juu ya mkeka. Nikadhani tumbo. Kesho yake Wahiba akampa kipande cha halua, akatapika. Halua yangu, Gaudens! Watu wanatoka Temeke kwa miguu kuja kuinunua. Sasa siku ya kuipika nikianza tu kukoroga, yeye huondoka nyumbani akakae kisimani mpaka harufu iishe. Nimehamisha karai langu kwa shemeji yangu Temeke.

Ulipotuma mabati mawili hayakuhitaji hata kufunguliwa. Aliona ile kamba ya katani uliyofungia, basi. Karani wa reli aliyeleta mzigo alikuwa na koti la kaki kama lako, na tangu siku hiyo akimwona mtu yeyote mwenye koti la kaki anaingia uvunguni. Hata mpimaji viwanja, mtu wa watu, aliyekuja dukani kwangu kununua kiberiti tu.

Asali yako yote ameila muuza kahawa wa hapa mtaani. Anakuombea dua kila siku.

Sikutaka kukwambia. Lakini jana nilimsomea barua yako nikamwambia, "Baba yako atarudi mwakani akuchukue." Alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Hakuitoa mpaka nilipokunja karatasi.

Kwa ajili ya Mungu, usitume kitu kwa sasa. Na barua niandikie mie, usimwandikie yeye.

Thuwaini


Tabora, 11 Julai 1937

Bwana Thuwaini,

Nilikuachia mtoto aliyekuwa akinikimbilia mlangoni. Miezi minne tu, naambiwa ananiogopa, naambiwa nisimwandikie. Na aliyeniambia ni mtu aliyenidanganya kwa barua mbele ya ofisi nzima.

Walikuwapo watu wa dini yangu, Ansbert na mkewe, waliotaka kumchukua. Nikasema hapana, Thuwaini ni ndugu yangu wa miaka kumi na miwili, na Wahiba hana mtoto, atampenda. Sasa naona nilisema kweli kupita kiasi. Mmempenda mpaka mmeona afadhali asinitambue. Mtoto hakimbii asali mpaka afundishwe kuikimbia.

Nina likizo Desemba. Nitakuja kumchukua nimpeleke Bukoba kwa dada yangu Genoveva. Vitu vyake viwe vimefungwa.

G. Kamugisha


Buguruni, 2 Septemba 1937

Shemeji Gaudens,

Ni mimi Wahiba. Nimemwambia Thuwaini aandike maneno yangu kama yanavyotoka, asiongeze adabu.

Barua yako tuliipata, lakini tulikuwa na mgonjwa. Kokuberwa alishikwa na homa Agosti, homa ya kweli. Siku mbili ya juu kabisa, macho yamegeuka rangi. Nikatoa kopo lako la bluu. Nikafanya kama ulivyotuelekeza, halua, maneno yako yale yale. Alikuwa hawezi hata kuinua kichwa, Shemeji, lakini meno aliyafunga kama mlango wa duka siku ya Idi. Thuwaini akataka kuyafungua kwa kijiko. Nikamfukuza chumbani.

Nikakaa naye peke yangu. Nikaweka kidonge kwenye kiganja, peupe, akione. Nikamwambia, "Kokuberwa, hii ni kwinini. Ni chungu. Ni chungu kuliko kitu chochote ulichowahi kula. Usifumbe macho, nitazame." Nikakitafuna kimoja mimi mwenyewe. Uso ulionitoka siujui, lakini mtoto mgonjwa vile alicheka. Akasema, "Bi Wahiba, kweli ni chungu?" Nikamwambia, "Laana tupu." Akanyoosha mkono, akakichukua mwenyewe, akameza. Akanywa vyote siku zote mpaka homa ikaisha, na kila mara huniambia kwanza, "Chungu, eh?" nami namwambia, "Chungu."

Uelewe hapo. Uchungu haumwogopeshi mtoto huyu hata kidogo. Utamu ndio anaouogopa. Muwa anatafuna, kwa sababu anaukata mwenyewe na hakuna awezaye kuficha kitu ndani yake. Ndizi mbivu anakula akiimenya kwa mkono wake, anaikatakata kwanza, anatazama. Sukari guru anaikunjia uso. Halua anaikimbia kwa harufu, asali anaikimbia kwa kamba ya bati. Na nyuma ya vyote hivyo umekaa wewe, na sauti yako nzuri, na mkono wako. Hakuna aliyemfundisha. Ulimfundisha wewe, wiki moja mara moja, wiki nyingine mara nne.

Na usidhani nakuchukia. Wewe nawe una ugonjwa wake. Mkeo alianza na joto kidogo, na tangu hapo kila joto kwako ni kaburi. Mtoto ametoka kucheza mdako juani, paji lina moto wa jua, wewe unaona jeneza. Yeye anakimbia bati, wewe unakimbilia kopo.

Unasema utakuja kumchukua kwa nguvu. Njoo. Lakini ujue utakuwa umemziba mdomo kwa kiganja tena, safari hii mpaka Bukoba.

Wahiba binti Seif


Tabora, 19 Septemba 1937

Shemeji Wahiba,

Nilikaa na barua yako siku tano bila kuijibu kwa kuwa kila jibu nililoandika lilikuwa la mtu mwenye haki, nikalichana.

Nimejaribu kukumbuka ni mara ngapi alikuwa na homa kweli. Nakumbuka mara mbili. Ya tatu sina hakika. Na makopo yalikwisha manne.

Siku moja alikuja mbio kutoka mpera wa jirani, amenishikia pera moja kubwa, ananiita toka mbali, "Baba, hili lako, hili lako!" Alikuwa anang'aa kwa jasho. Nikamgusa paji. Pera nikaliweka chini nikaenda kwenye kopo. Sikumbuki kama nililila lile pera. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko yote.

Na wewe umenishika pabaya kweli. Mwezi jana mkuu wa stesheni, mtu wa kilo mia, alipiga miayo mezani baada ya chakula, na mimi nikainuka kumgusa kichwa. Wenzangu walidhani namwekea mikono ya baraka. Nimewaambia ndiyo, ndivyo tufanyavyo Bukoba. Bora wanione mwehu wa dini.

Sitampeleka popote. Lakini nataka kumwona. Niambie nije vipi.

Naomba msamaha kwa Thuwaini kwa yale niliyoandika. Kwako sijui naombaje.

Gaudens


Buguruni, 8 Novemba 1937

Bwana Karani,

Msamaha nimeupokea, ingawa halua yangu bado haijakusamehe.

Wahiba anasema hivi. Usije na kitu chochote, hata pipi, hata peremende ya mfukoni. Koti la kaki liache Tabora. Nitakupa kanzu yangu, na nitacheka sana nikikuona ndani yake. Usimwite. Kaa dukani kama mtu aliyekuja kunisaidia, aje mwenyewe akitaka. Na usimguse paji. Kanzu yangu ina mifuko miwili mirefu. Mikono tia humo, uisahau.

Sasa hivi ameanza kukubali kipande cha tende akikipasua mwenyewe na kutoa kokwa. Wahiba anasema tende ni mwanzo. Asali ni mbali, na wewe u mbali kuliko asali. Lakini njia ni moja.

Njoo.

Thuwaini


Tabora, 22 Januari 1938

Ndugu zangu Thuwaini na Wahiba,

Nisameheni kwa kuondoka kwenu Desemba bila kuaga. Nimechelewa kuandika kwa sababu homa ilinishika siku niliyorudi huku, homa ya kweli, na mtu wa kunigusa paji hayupo.

Nyie mlikuwa ndani, kwa hiyo niseme mimi.

Siku ya kwanza hakunisogelea. Siku ya pili alikaa kwenye gunia, mbali, akanitazama na kanzu ile. Akasema, "Umevaa nguo ya Ami." Nikasema, "Ndiyo, imenibana tumbo." Akasema, "Ami ni mwembamba." Hayo ndiyo maneno mengi tuliyosema siku ile, na nilifurahi nayo kuliko mshahara. Jioni akaniwekea kipande cha muhogo wa kuchoma juu ya kitanga cha mizani, akaondoka. Hakunipa mkononi. Nilikila chote, hata pale palipoungua.

Siku ya tatu alikuja akakaa karibu. Karibu kabisa, goti lake kwenye kanzu. Alikuwa ananieleza habari ya mbuzi. Na mie mjinga, mteja aliingia kutaka chumvi, nikatoa mikono mfukoni kumpimia. Mteja akaondoka. Mtoto akaendelea na hadithi yake, katikati ya hadithi akapiga miayo.

Sikuamua kitu, Wahiba. Naapa. Nilikuwa nacheka habari ya mbuzi, na mkono ulikwenda peke yake. Niliuona ukienda. Nikauona umeshafika kwenye paji, na paji lilikuwa baridi kabisa, baridi kama mtungi. Na yeye, alikuwa ameshaziba mdomo wake kwa mikono miwili, anatazama mlangoni.

Ndipo nikatoka. Niliona nikikaa dakika moja zaidi nitaanza kumbembeleza, na sauti ya kubembeleza ninayo moja tu.

Wakubwa wanasema Machi nitarudishwa Dar. Nimeomba nibaki. Mleeni. Si zawadi ninayowapa, msinishukuru. Huyu ni mtoto wangu, na kila asubuhi nitaumia. Lakini nyie mikono yenu haijui njia hiyo.

Leo nimekitafuna kidonge bila maji, makusudi, nijue nilichokuwa nikimwita kitu kitamu. Mpaka sasa naandika, ulimi haujarudi.

Gaudens


Buguruni, 17 Februari 1938

Baba shikamoo,

Mie Kokuberwa. Naandika mwenyewe. Ami ananisomea herufi nikisahau.

Bi Wahiba amesema una homa. Nakutumia vidonge sita. Vimo kwenye karatasi tu, hakuna kitu kingine ndani, fungua utaona. Ni kwinini. Ni chungu. Nimeonja kimoja ndiyo maana kimepungua upande.

Usifumbe macho.

Yule mbuzi amezaa.

Ami amesema hurudi. Bi Wahiba amelia, mie sikulia. Bi Wahiba amesema nikuandikie ninachotaka mie, siyo wanachotaka wao. Sijui bado ninachotaka.

Ukija, vaa ile kanzu ya Ami. Mikono utie mfukoni. Usiitoe mpaka nikwambie.

Kokuberwa Gaudens